Kitabu Kipi kwa Gari Kuukuu? Mjadala wa Barabara ya Namanga

Hoja iliyo mezani ni hii: mkazi wa Kitengela au Kajiado mwenye gari la miaka ya 1990, anayetaka kulitengeneza kwa mikono yake mwenyewe siku za mapumziko, anunue kitabu kipi cha kumwongoza?

Kanuni inayosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) hairuhusu gari la mtumba kuingia nchini likiwa limezidi miaka 8 tangu liandikishwe kwa mara ya kwanza. Lakini kanuni hiyo huishia bandarini. Likishatoka Mombasa, gari huishi maisha marefu: hununuliwa Nairobi, huuzwa Athi River, hufika Kitengela, na huenda likazeekea Isinya au Bissil likibeba saruji na madebe ya maji. Ndani ya kidroo chake mara nyingi hubaki kijitabu cha Kijapani ambacho hakuna hata mmoja kati ya wenye gari hao aliyewahi kukisoma. Hapo ndipo haja ya kitabu kingine inapoanzia.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tano. Wasemaji hawana majina kwa sababu nimewatunga wabebe misimamo inayopingana kwenye gereji na maduka ya spea. Yupo Mwalimu, mwenye Toyota Corolla 110 anayoishughulikia mwenyewe. Yupo Fundi wa gereji ya kando ya barabara. Yupo Mama wa Spea, mwenye duka. Yupo Mzee, mfugaji wa Bissil mwenye pikapu ya Peugeot 504. Na yupo Mkufunzi wa ufundi wa magari kutoka chuo cha Kajiado. Uamuzi wangu nitautoa mwishoni, kwa kuwa katika hoja hii nina upande.

Kitabu cha kiwanda au mkono wa fundi?

MWALIMU: Naanza mimi. Kitabu cha kuaminika ni cha kiwanda kilichounda gari. Toyota huandika vitabu vyake kwa ajili ya mafundi wa mawakala wake: injini ina kitabu chake, chasisi na bodi zina chake, na michoro ya nyaya ina chake. Chukueni silinda hedi ya injini ya 4A-FE ya miaka ya 1990. Bolti zake ni za urefu wa aina mbili. Za milimita 90 hukaa upande hewa inakoingilia, za milimita 108 hukaa upande wa egzosi. Kukaza ni kwa hatua tatu: niutoni-mita 29 kwanza, halafu kila bolti izungushwe nyuzi 90, halafu nyuzi 90 nyingine. Mambo kama hayo mtu atayakisia vipi?

FUNDI: Mwalimu, hizo hedi nimezifunga tangu nikiwa mwanagenzi, na magari yanatembea. Ukitoa bolti unaichomeka kwenye kadibodi uliyoichora kama hedi, kila moja mahali pake. Ndefu na fupi hazichanganyiki. Shida ya kitabu chako ni kwamba kinazungumza na gari jipya. Kinasema "toa bolti", basi. Gari la Kitengela lina kutu, limepita mikononi mwa mafundi wengine kabla yangu, na bolti nyingine ilifungwa kwa nguvu na mtu aliyekuwa na haraka. Ikikatikia ndani ya bloku, kitabu chako kitanionyesha ukurasa gani?

MKUFUNZI: Fundi, kwenye kutu una haki. Kwenye mkazo huna. Mkono, na hata spana ya toki yenyewe, hudanganywa na msuguano. Bolti yenye kutu au isiyopakwa oili hukupa hisia ya kukazika kabla haijavutika inavyotakiwa. Ndiyo maana kiwanda kinakutaka uanze na mkazo mdogo, kisha upime kwa nyuzi. Nyuzi zinapima bolti imevutwa kiasi gani, na msuguano hauwezi kuzidanganya. Kitabu hicho hicho kinakuambia utie tone la rangi mbele ya kichwa cha kila bolti. Baada ya zamu ya kwanza rangi inatazama pembeni, baada ya zamu ya pili inatazama nyuma ya injini. Ukisimama juu ya injini unaona kwa macho ni ipi hujaimaliza.

FUNDI: Hiyo ya rangi naichukua. Hainigharimu kitu, na mteja akiuliza namwonyesha. Lakini mwambie Mwalimu jambo lingine kuhusu kitabu cha kiwanda: kila ukurasa wa pili kinadai kifaa maalumu chenye nambari inayoanza na 09. Hicho kifaa kiko kwa wakala, si kwangu. Mimi nachomelea changu kutokana na chuma chakavu.

MKUFUNZI: Na hapo umetaja udhaifu wake mkubwa. Kitabu cha kiwanda kiliandikiwa mtu aliyekwisha kufundishwa. Hakikuelezi kwa nini, na hakikuonyi kwamba kazi ni ngumu, maana kinadhani unajua. Hata namba zake zina mtego kwa asiyezoea. Nati za magurudumu ya Corolla zimeandikwa hivi kwenye mstari mmoja: 103, kisha 1,050, kisha 76. Ni mkazo ule ule kwa vizio vitatu: niutoni-mita, kilo-sentimita na futi-pauni. Mtu mwenye spana yenye alama za futi-pauni akikaza hadi 103 amezidisha kwa zaidi ya theluthi. Kitabu hakikukosea, aliyekosea ni msomaji, ila nati ndiyo itakayoharibika.

MWALIMU: Basi msomaji ajifunze kusoma. Hiyo si sababu ya kukiacha kitabu.

MKUFUNZI: Ni sababu ya kutoanza nacho.

Gari lenyewe ni lipi?

MAMA WA SPEA: Naomba niwakatize. Mnabishana kuhusu kitabu na hamjauliza gari ni lipi. Mteja anaingia dukani: "Mama, nipe mkanda wa taimingi wa 110." Namuuliza, 110 ipi? Jina hilo la mtaani limebeba magari kadhaa. Kuna EE111 yenye injini ya 4E-FE ya lita 1.3. Kuna AE110 yenye 5A-FE ya lita 1.5. Zipo za 1.6, na zipo za dizeli zinazoanza na herufi CE. Kwa macho ya mpita njia zote ni gari moja. Kwangu mimi mikanda ni tofauti, filta tofauti, pampu ya maji tofauti.

MWALIMU: Logibuku itakuambia.

MAMA WA SPEA: Logibuku inaeleza gari lilivyoandikishwa. Mangapi yameua injini yakafungwa nyingine ya kutoka Japani, na karatasi hazijui? Mimi namwambia mteja afungue boneti. Kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi kuna bamba dogo. Lipanguse vumbi, soma aina ya gari na aina ya injini. Kisha soma na namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Zikikubaliana, vizuri. Zikipingana, amini bloku. Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari nalo ni mali.

FUNDI: Mama amesema ukweli. Kuna mteja aliniletea kitabu alichokinunua Nairobi kwa wauza vitabu wa chini, kimeandikwa "Corolla 1998". Gari lake lilikuwa la 1998, Corolla. Tukafungua sehemu ya taimingi: kitabu kinaonyesha cheni, gari lina mkanda!

MKUFUNZI: Kilikuwa cha Marekani hicho. Corolla iliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1998 ilipewa injini ya 1ZZ-FE, yenye bloku ya aluminiamu na cheni ya taimingi. Corolla ya Japani ya mwaka huo huo iliendelea na 5A-FE, yenye bloku ya chuma na mkanda. Usukani wao uko kushoto, wetu uko kulia, kwa hiyo hata bomba za breki na nyaya za dashibodi hupita njia nyingine. Jina moja, mwaka mmoja, gari tofauti kabisa.

MWALIMU: Na cha Uingereza je? Wao pia hukaa kulia.

MKUFUNZI: Kinakaribia zaidi. Corolla ya umbo hilo iliingia sokoni Ulaya mwaka 1997, ikiwa na 4E-FE na 4A-FE miongoni mwa injini zake. Yako ya 5A-FE ni ndugu wa 4A-FE. Pistoni hutembea milimita 77 kwa zote mbili, ila tundu la silinda ni milimita 81 kwa 4A na 78.7 kwa 5A. Kwa hiyo namna ya kufungua, mpangilio wa kazi, mkanda na breki utavifuata bila wasiwasi mwingi. Vipimo vya pistoni na ringi usivichukue humo hata kidogo. Hivyo ndivyo kitabu cha ndugu kinavyotumiwa: unajua mapema ni wapi kinakufaa na ni wapi kinakupoteza.

Sauti ya Bissil

MZEE: Wanangu, nimewasikiliza. Mnazungumza Toyota kana kwamba hakuna gari lingine. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978, na enzi hizo kila fundi aliijua. Ya kwangu inabeba mbuzi siku ya soko, kiangazi inabeba maji. Mafundi walioijua wamezeeka, na vijana wamelelewa na Toyota. Kijana mmoja aliifungua hedi, akazungusha injini kwa mkono ili aangalie pistoni. Alipofunga, maji yakaanza kuingia kwenye oili. Akasema gasketi ni mbaya. Tukanunua nyingine, maji yakaendelea.

MKUFUNZI: Mzee, gasketi ya hedi haikuwa na kosa. Injini ya petroli ya 504 ina slivu zinazozungukwa na maji, zimeketi tu ndani ya bloku juu ya sili za chini, na hedi ndiyo inayozibana. Ukitoa hedi, slivu zinabaki hazina kinachozishika. Pistoni ikipanda inaweza kuziinua, sili ya chini ikaachia, na maji yakashuka kwenye oili. Kitabu cha gari hilo kinasema zibanwe kabla injini haijazungushwa. Toyota ya bloku ya chuma haina jambo hilo, kwa hiyo mkono uliozoea Toyota haukuwa na njia ya kulijua.

FUNDI: Hapo nakubali bila ubishi. Hata mimi ningezungusha.

MZEE: Ndiyo maana nasema kitabu kiwe cha gari langu, tena kiwe cha karatasi. Ziko sehemu kusini ya Bissil ambako simu haishiki. Gari likizima huko, hayo mafaili ya kwenye simu hayanisaidii, na chaji ikiisha ndiyo basi. Karatasi naiweka chini ya kiti. Ikiingia oili inasomeka bado.

MAMA WA SPEA: Na mafaili yenyewe, Mzee, mengi ni kurasa za kitabu zilizopigwa picha. Mchoro wa nyaya ulioenea kurasa mbili unakatika katikati, rangi za nyaya hazisomeki. Mtu ananunua relei tatu kwa kukisia, na zikishafungwa mimi sirudishi pesa.

Kitabu cha kufundisha

MKUFUNZI: Sasa niwaeleze ninachowaambia wanafunzi wangu. Anayeanza aanze na kitabu cha mchapishaji huru, wa aina ya Haynes wa Uingereza. John Haynes alianza kuandika vijitabu vya magari akiwa mwanafunzi, na mwaka 1960 akaanzisha kampuni yake. Wazo la kitabu kamili cha matengenezo lilimjia Aden mwaka 1965, akiwa katika jeshi la anga la Uingereza. Mwenzake alinunua Austin-Healey Sprite iliyochoka, wakaifungua yote na kuifunga upya, kila hatua ikipigwa picha. Angalieni mahali penyewe: joto, vumbi, mbali na kiwanda. Hali kama ya Kajiado ndiyo iliyozaa kitabu hicho.

MWALIMU: Lakini kuna wanaosema ni vitabu vya juu juu.

MKUFUNZI: Kwenye baadhi ya kazi, ndiyo, hasa giaboksi ya otomatiki. Ila vina mambo mawili ambayo cha kiwanda hakina. La kwanza, vile vya Uingereza huipa kila kazi alama za spana, kuanzia moja hadi tano. Moja ni kazi ya asiyejua lolote, tano ni ya bingwa. Mtu anajua mapema aguse wapi na asiguse wapi. La pili, vinatafuta njia ya kufanya kazi bila kile kifaa chenye nambari ya 09. Na kwa magari ya Australia, Gregory's walifanya kazi ya namna hiyo kwa Land Cruiser na Hilux, zenye usukani wa kulia na zilizozoea vumbi kama letu.

FUNDI: Vinapatikana bado?

MKUFUNZI: Mwaka 2020 Haynes walitangaza kwamba hawatatoa tena vitabu vipya vya karatasi vya matengenezo ya magari. Vya magari ya zamani vilikwisha kuchapishwa, na vinazunguka kwenye maduka ya mitumba. Kwa mwenye gari la 1997, hilo ni jambo la kheri. Mwenye gari la juzi ndiye aliyekosa.

Maji ya kisima na sufuria ya thamosteti

MWALIMU: Nitoe mfano wa kazi ndogo iliyonifanya nikithamini kitabu. Gari lilikuwa likichemka kwenye foleni ya kuingia Kitengela. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa kutoa thamosteti na kuitupa.

FUNDI: Ni ushauri unaotolewa kila gereji, na hata mimi nimeutoa. Gari linachemka, mteja anasubiri, ukitoa thamosteti maji yanazunguka, linaondoka.

MWALIMU: Kitabu kinasema ipimwe kwanza. Nikaitoa, nikaitia kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikaweka juu ya jiko. Imegongwa namba 82. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 vali iwe imeinuka milimita 8 au zaidi. Ikafunguka sawasawa. Hapa kwetu juu ya mita 1,500 maji huchemka kwa takriban nyuzi 95, kwa hiyo kipimo chote kinaingia ndani ya sufuria moja.

MKUFUNZI: Na kama ungeitupa, injini ingechelewa kupata moto. Sensa ya maji ingeendelea kuiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, na kompyuta ingeendelea kuongeza petroli. Mteja angerudi baada ya mwezi analalamikia mafuta, wala asingehusisha na thamosteti.

FUNDI: Shida ilikuwa wapi, basi?

MWALIMU: Rejeta. Ilikuwa imeziba kwa magadi.

MAMA WA SPEA: Maji ya visima vya huku ni ya chumvi, kila mwenye birika anajua linavyoganda ndani. Watu wanayamimina kwenye rejeta mwaka mzima, kisha wanakuja kununua pampu ya maji.

MKUFUNZI: Vitabu vyote, cha kiwanda na cha mchapishaji huru, vinataka kulanti pamoja na maji yasiyo na chumvi. Na cha kiwanda kina jedwali la pili la matengenezo kwa magari yanayofanya kazi ngumu: vumbi, mizigo, safari fupi fupi. Mwenye gari Kajiado asome jedwali hilo la pili. La kwanza liliandikiwa lami safi.

FUNDI: Nikubali jambo moja zaidi. Haya magari ya kabla ya mwaka 2000 kutoka Japani, mashine zetu nyingi za kupimia kompyuta hazina plagi ya kuyaingilia. Mwalimu alinionyesha kwenye kitabu chake: chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plagi. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha swichi bila kupiga injini, na taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka mfululizo, hakuna kosa lililowekwa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. Ni kipande cha waya tu, Mzee. Mashine haihitajiki.

MZEE: Basi kitabu hicho kimemfaa fundi kuliko mwenye gari.

FUNDI: Kimetufaa sote wawili. Zamani mteja akija na kitabu nilidhani amekuja kunisimamia. Sasa akija amesoma, tunazungumza kazi yenyewe. Ila naye ajue mipaka yake. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake kwa sababu amesoma ukurasa. Weka stendi. Na mfuko wa hewa wa usukani asiuguse kabla hajatoa waya hasi wa betri na kusubiri sekunde 90 anazotaka Toyota. Breki akizifungua, apate mtu wa kumkagulia kabla hajarudi barabarani. Barabara ya Namanga ina malori.

Uamuzi

Nimesema nina upande, na sasa niutaje. Kitabu kinachofaa ni kile kinachoitaja injini iliyo ndani ya gari lako, kwa herufi na namba zake, kwa soko lililoliuza gari hilo mara ya kwanza. Sifa nyingine zote huja baada ya hiyo. Jina la mchapishaji, uzito wa karatasi, sifa za muuzaji na picha ya jalada haviwezi kuokoa kitabu kinachoonyesha cheni mahali ambapo gari lina mkanda. Mama wa Spea alishinda mjadala huu kabla wengine hawajamaliza kuusema.

Kwa hiyo anayekwenda kununua aanze chini ya boneti, si dukani. Aandike aina ya gari kutoka kwenye bamba na aina ya injini kutoka kwenye bloku. Akishika kitabu, afungue sehemu tatu kabla ya kutoa pesa: orodha ya injini zilizomo, sura ya taimingi, na michoro ya nyaya. Ikikosekana injini yake, akirudishe, au akinunue kama kitabu cha ndugu akijua wazi ni vipimo vipi hatavichukua humo. Usukani wa kulia ni bora kuliko wa kushoto. Karatasi ni bora kuliko faili, na mwenye faili achapishe kurasa za kazi anayoikusudia, hasa michoro ya nyaya.

Kuhusu mgogoro wa Mwalimu na Mkufunzi, nakaa na Mkufunzi kwa mwaka wa kwanza na Mwalimu kwa miaka inayofuata. Anayeanza apate kitabu kinachofundisha na kinachompimia ugumu wa kazi. Akishazoea, atafute kitabu cha kiwanda cha injini yake na cha nyaya zake, kwa sababu vipimo vya mwisho vimo humo. Mzee naye ana haki kamili: gari adimu linahitaji kitabu chake kuliko gari la kila mtu, kwa kuwa elimu yake imebaki kwa watu wachache.

Fundi asitolewe kwenye hesabu hii. Anajua kutu, bolti iliyokatika, na namna gari linavyozeeka kwenye vumbi la Kajiado, na hayo hayamo kwenye kitabu chochote. Tunalopoteza ni kwamba maarifa hayo hayaandikwi. Mwenye kitabu aandike pembezoni mwa kurasa zake: tarehe, kilomita, spea aliyoweka na nambari yake, na kile Fundi alichomwambia ambacho mwandishi hakukijua. Gari likiuzwa, kitabu kiende nalo.

Na lipo deni kubwa zaidi. Vitabu vyote vilivyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, na mtu anayeshika spana zaidi Kitengela hufanya kazi yake kwa Kiswahili. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, humpa fundi aliyejifunzia gerejini nafasi ya kufanya mtihani na kupata cheti, kumaanisha nchi imekwisha kukubali kwamba gereji ni shule. Shule hiyo inastahili vitabu. Injini zinazobeba magari yetu kuukuu ni chache mno: familia mbili tatu za Toyota, za Nissan kadhaa, na dizeli za pikapu. Mkufunzi ana elimu ya vipimo, Fundi ana elimu ya kutu, Mama wa Spea ana nambari za spea, na Mwalimu anajua kueleza jambo likaeleweka. Wakiketi pamoja, wanaweza kuandika kitabu cha injini moja, kwa Kiswahili, chenye maji ya kisima na vumbi ndani yake. Kijaribiwe kwenye gereji za Kitengela kabla hakijachapishwa, kisha kiuzwe pale pale spea zinapouzwa.